Kugawa Okidi ya Marehemu

Mimi na wifi yangu hatupendani. Naanza na hilo mapema ili asije mtu akasoma mpaka katikati akitafuta mahali tunapokumbatiana. Hatukumbatiani. Yeye ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, ana sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya korongo, na tangu nilipoletwa Karatu kama mke, miaka ishirini na mbili sasa, hajawahi kufunga geti langu bila kulibamiza. Geti lenyewe ni la bati. Akiingia nasikia, akitoka nasikia, na majirani wote wanajua wifi amekuja.

Mume wangu alikuwa mtunza bustani kwenye loji moja huko juu, njia ya kwenda Ngorongoro, mahali ambapo asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni vidole vyako. Mimi nilikuwa dobi hapohapo. Nilifua mashuka ya wageni, yeye akalea maua ya wageni, na katika maua yote aliyokabidhiwa alikuwa na wazimu na okidi tu. Wenzake waliosoma naye walitamani kuendesha magari ya watalii. Yeye akitoka kazini anazungumzia mizizi.

Kwa asiyeijua, okidi ni ua lenye maringo. Halitaki udongo. Ukilifukia kwenye udongo linaoza kuanzia chini, na majani yatakudanganya wiki nzima kwamba ni zima. Linataka maganda ya mti, vipande vya mkaa na kokoto, ili hewa ipite kati ya mizizi. Shina lake limevimba kama kitunguu, nasi tuliita vitunguu hivyohivyo, na kila mwaka kitunguu kipya kinazaliwa ubavuni mwa cha zamani. Kitunguu kikishatoa maua basi, kazi yake imekwisha, kinabaki kushika majani. Maua ya mbele yanatoka kwenye kitunguu kipya, na kitunguu kipya kinatoka kwenye jicho, kinundu cha kijani chini kabisa, hakizidi punje ya mbaazi. Mwenye jicho ana ua. Asiye na jicho ana majani ya kufuta vumbi.

Loji ilipobadilisha wenyewe, meneja mpya akaamuru vyungu vyote vya okidi vitupwe, eti anataka bustani ya mawe. Mume wangu aliomba chungu kimoja akapewa. Alikileta nyumbani kwa gari la wafanyakazi, amekipakata mapajani, na alipoingia hakunisalimia mpaka amekitafutia mahali pa kukaa. Tangu hapo kila baridi, mwezi wa saba, kilitoa maua meupe yenye ulimi wa njano. Harufu yake ni kama asali iliyopashwa moto kidogo. Ilijaa sebuleni, ikaingia kwenye mapazia, ikaingia hata kwenye makande yaliyoko jikoni. Dada yake akija siku hizo alikuwa anakaa karibu na dirisha, anafumba macho, anavuta pumzi, halafu anafumbua macho na kuuliza kwa nini nyumba yangu haijafagiliwa.

Kila baada ya miaka mitatu mume wangu aliutoa mmea chunguni, akaukata na kuupanda upya. Mwaka aliougua ndio ulikuwa mwaka wa kukata. Hatukukata. Tulikuwa na mambo mengine ya kufanya, ya hospitali, na baadaye ya kuzika. Chungu kikaachwa dirishani kikajaa, mizizi ikatoka juu, ikazunguka, ikaanza kuning'inia nje. Baridi ya kwanza bila yeye hakikuchanua. Ya pili hakikuchanua. Nilikuwa nakaa mbele yake na kikombe cha chai namwambia, wewe nawe umeamua kunisusa?

Sasa mnielewe kuhusu hasira yangu. Baada ya msiba ukoo ulikaa kugawa nguo za marehemu, kama kawaida. Wifi yangu alichukua koti lake la mvua. Koti la kijani, zito, la kazini, ambalo mume wangu alikuwa analivaa asubuhi za ukungu, na ambalo mimi nilikuwa nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba makusudi ili lisionekane. Aliingia mwenyewe akalitoa. Mbele ya watu wote akalivaa palepale, akaingiza mikono mfukoni, na mimi mjane nikabaki nimekodoa macho. Tangu siku hiyo nikimwona mnadani na lile koti, nageuza njia.

Basi mwaka ule wa pili, mwishoni mwa mwezi wa tisa, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Wifi. Ndugu zangu, anasema, kuna kitu cha kaka hatukukigawa. Lile ua lake. Liko kule linakufa, mwenye nyumba halishughulikii, na sisi damu yake hatujapata hata jani. Ujumbe mrefu, kuku wanasikika nyuma. Niliusikiliza mara tatu ili nikasirike vizuri.

Linakufa! Mimi ndiye niliyekuwa nalimwagilia. Mimi ndiye niliyekuwa naamka nalo.

Jumamosi wakaja. Baba mdogo, yaani mdogo wa baba mkwe wangu, ndiye mkuu wa ukoo kwa sasa, na fimbo yake na kofia yake ya pama. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye hajawahi kuwa na neno lake mwenyewe. Na wifi, ndani ya koti. Mkononi kabeba ndoo. Nikamuuliza, wifi, hiyo ndoo ya nini? Akaifunua kwa fahari. Udongo mwekundu wa shambani kwao, ameuchekecha, ameuchanganya na samadi iliyoiva vizuri, laini kama unga wa ugali. Watu wa huku kwa udongo wao hawana dogo. Ukiwaambia kuna mmea hauutaki, umewatukana wazazi wao.

Nilicheka. Sikujizuia wala sikutaka kujizuia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, wifi, samadi kapikie mahindi, hiyo okidi ukiitia humo kesho kutwa unaizika. Akanikata jicho, akaifunika ndoo yake kimya kimya akaiweka nyuma ya kiti. Nilijisikia vizuri sana.

Tukakaa uani. Chungu nikakiweka katikati, juu ya gunia. Baba mdogo akakiangalia kwa heshima, akakohoa, akatangaza kwamba mgao ni mafungu matano. Fungu la dada, fungu la mdogo mtu, fungu la nyumba ya baba mdogo, fungu la watoto wa marehemu, ambao wako Arusha na hawana habari, na fungu la mke.

"Baba mdogo," nikasema, "hili ua halikatiki mara tano."

"Kwa nini lisikatike? Halina mifupa."

"Kila kipande kinatakiwa kiwe na vitunguu vitatu, na kiwe na jicho. Ukikata vidogo vinakufa vyote."

"Mke wetu," akasema kwa upole wa kumweleza mtoto, "ng'ombe wa msiba tulimgawa nyumba tisa. Kila nyumba ilikula."

"Ng'ombe alikuwa ameshakufa, baba mdogo!"

Shemeji akacheka, akaangaliwa, akaacha. Wifi akaanza Kiiraqw, haraka haraka, kama anavyofanya akitaka nisisikie, na baba mdogo akamjibu. Wanadhani miaka yote niliyokaa hapa nimeziba masikio. Alikuwa anamwambia kwamba naficha, kwamba mtu wa kuja siku zote anaficha. Nikanywa maji. Nikasema kwa Kiswahili, taratibu, kwamba kama wanataka vipande vitano nitawakatia vitano sasa hivi, na wiki mbili zijazo nitawapikia chai ya msiba wa pili wa ndugu yao. Hapo wakatulia.

Tulibishana mpaka jua likafika kichwani. Mwisho baba mdogo akakata shauri: mafungu mawili. Upande wa kuzaliwa na upande wa kuoa. Upande wa kuzaliwa utachukuliwa na dada mtu, kwa kuwa ndiye aliyedai. Na kwa sababu kisu atashika mke, kwa desturi yao mshika kisu hachagui kwanza. Anakata mbele ya watu, mwenzake anachagua, yeye anachukua kinachobaki. Ndivyo wanavyogawa nyama, ndivyo wanavyogawa shamba, na ndivyo walivyonigawia mimi ua la mume wangu.

Wifi akatabasamu. Alijua hapo amenikamata.

Lakini hakujua kama ninavyojua mimi. Nilivunja chungu kwa nyundo, kwa sababu mizizi ilishakishika hakitoki, na vigae vikaanguka. Ndani hapakuwa na maganda tena, yameoza yote yamekuwa kama majani ya chai yaliyochujwa. Ilikuwa mizizi tu, minene, imesokotana, mingine myeupe na migumu, mingine ukiibonyeza inatoka maji na kubaki uzi. Nilikaa nayo chini nikaifumua kwa vidole. Nikakata iliyooza. Nikavua maganda makavu ya vitunguu, kimoja kimoja, kama alivyonifundisha mume wangu, nikahesabu. Vitunguu tisa. Na katika vyote tisa nikatafuta jicho, nikazungusha, nikatafuta tena, jasho linanitoka kwapani.

Lilikuwa moja. Jicho moja tu zima, pembeni kabisa, chini ya kitunguu kibaya kilichokunjamana chenye majani mawili yenye madoa. Miaka miwili ya kubanwa, na hilo ndilo lililobaki. Anayelipata ana ua la marehemu. Asiyelipata ana kumbukumbu ya majani.

Nilimwona wifi ananitazama. Sikuinua uso. Akili yangu ilikuwa inakimbia kuliko mikono. Nilichoma kisu kwenye moto wa jiko la mkaa, nikakiacha kipoe, nikakata. Vitunguu sita vinene, vya kijani, vyenye majani marefu ya kupendeza yanayoning'inia, nikaviacha pamoja. Vitunguu vitatu vibovu, vile vya pembeni, nikavitenga kama taka. Mtu yeyote mwenye macho angeona fungu moja ni bibi harusi na fungu la pili ni mgonjwa. Nikapaka mdalasini kwenye majeraha yote, maana mdalasini unakausha kidonda cha mmea, nikayaweka mafungu mawili juu ya gunia. Lile dogo nililiweka jicho likiangalia chini.

"Haya wifi," nikasema. "Chagua."

Nilihakikisha sauti yangu ina uchungu kidogo. Mtu mwenye tamaa ukimwonyesha unaumia, anajua ameshika penyewe.

Aliinama. Alikaa muda mrefu, mpaka baba mdogo akaanza kupiga fimbo chini. Aliangalia lile kubwa, akaangalia lile dogo, akaniangalia mimi. Halafu akanyoosha mkono akachukua lile kubwa.

Moyo wangu uliruka ukapiga makofi. Nasema ukweli. Sijawahi kufurahi vile tangu mume wangu afariki, na furaha yenyewe ilikuwa ya kumwona mtu anabeba mzigo wa majani akidhani ni mali. Nikampandia kwenye kopo kubwa la rangi nililolitoboa chini, na maganda mapya na mkaa, nikamfanyia kila kitu sawasawa ili baba mdogo asije akasema nimehujumu. Nikampa masharti: asimwagilie wiki nzima, asiweke juani, asiguse udongo. Akabeba kopo mkono huu, ndoo ya samadi mkono huu. Geti likabamizwa. Hata kelele ile siku hiyo niliisikia tamu.

Langu nikalipanda kwenye chungu kidogo, dogo kiasi kwamba shemeji aliniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia nimekasirika sana, baba.

Sasa miezi ikaanza. Wifi anakaa kwenye boma la wazazi wao, njia ya kuelekea Mbulu, na kaburi la mume wangu liko huko, pembeni ya migomba. Mjini anakuja siku za mnada. Na kila mnada, baada ya kununua chumvi yake na sabuni yake, alipita kwangu. Zamani alikuwa hapiti. Geti paa! Shikamoo hakuna, yeye ndiye mkubwa, mimi ndiye ninayetakiwa kutoa. Natoa. Anakaa, ananywa chai, analalamika chai haina maziwa, halafu anauliza.

"Langu mbona halioti?"

"Subiri tu, wifi. Okidi ni mvivu."

"La kwako je?"

"La kwangu ndio kabisa. Si uliona lilivyokuwa?"

La kwangu nilikuwa nimelificha nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, ndani ya tenga. Lile jicho lilivimba. Likawa ncha, ncha ikawa jani, majani yakawa manne, na chini yake kitunguu kipya kikaanza kunenepa, kinang'aa. Nilikuwa nikimsindikiza wifi mpaka getini, kisha naenda nyuma ya nyumba nalichungulia nacheka peke yangu. Mtu mzima, mjane, nacheka na tenga.

Mnada mwingine tena: langu mbona halioti? Limepukutisha majani mawili, wifi, nifanyeje? Nikamwambia hiyo ndiyo kawaida yake. Mnada mwingine: nimelisogeza karibu na kaburi, pana kivuli, labda litapenda. Nikamwambia vizuri sana wifi, hapo litapenda. Baridi ikaja ikapita bila ua kwake wala kwangu, maana mmea uliokatwa unahitaji kupumzika kwanza. Mimi nilijua hilo. Yeye hakujua, nami sikumwambia.

Mara moja tu nilienda huko bomani, siku ya kusafisha makaburi. Nikaliona kopo la rangi. Alikuwa amelizungushia vijiti ili mbuzi wasilifikie. Majani yamebaki matatu, vitunguu vimekunjamana, lakini hakuna hata chembe ya vumbi juu yake. Pale njiani vumbi jekundu linafunika kila kitu, migomba, kaburi, watu, na lile kopo lilikuwa safi limefutwa. Nikajikumbusha koti.

Baridi ya mwaka huu, mwezi wa saba, chungu changu kikatoa kikonyo. Mwanzoni nikadhani ni jani, nikakibonyeza, kikawa kigumu, cha mviringo. Nilipiga kigelegele uani mpaka jirani akauliza nani kajifungua. Wiki baada ya wiki kikapanda, vichwa vya maua vikavimba, na siku moja asubuhi yenye ukungu na manyunyu nikaamka nyumba inanukia asali. Maua saba. Meupe, ulimi wa njano. Nilikaa sakafuni mbele yake na nguo ya kulalia nikalia kwa sauti. Nikamwambia mume wangu, limechanua baba, limechanua, nimelirudisha.

Nilipomaliza kulia nikakumbuka. Leo mnada.

Nilikimbia kama mwizi. Nikabeba chungu nikakiingiza chumbani, nikafunga mlango, nikaziba chini kwa kanga. Nikafungua madirisha yote ya sebuleni, baridi ikaingia. Nikakaanga vitunguu, vya kula safari hii, mafuta mengi, moshi ujae. Nikakaa kusubiri huku nimevaa sweta mbili, na hapo ndipo nilipojisikia mjinga kwa mara ya kwanza. Ushindi wa mwaka na miezi kumi, na nauzibia mlango kwa kanga.

Geti paa!

Aliingia amelowa, koti la kijani linachuruzika maji. Mkononi ana lile kopo la rangi. Akaliweka mezani. Hapakuwa na jani hata moja. Vitunguu sita vya kahawia, vikavu, vimesimama kwenye maganda yao kama vidole vya mzee.

"Shikamoo, wifi."

Hakuitikia. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, pua imeinuka. Nikaongea haraka, karibu wifi, kaa, unaona hii baridi, nimeunguza vitunguu leo. Akanyoosha kiganja ninyamaze. Akafumba macho, vilevile kama zamani pale dirishani.

"Limechanua," akasema.

"Nini?"

"Usinifanye mtoto."

Akatembea mpaka mlango wa chumba changu, akausukuma, kanga ikaburuzika. Sikumzuia. Nilisimama nyuma yake na mwiko mkononi. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, koti lake likilowesha shuka langu, akaangalia yale maua. Hakuyagusa. Alikaa hivyo mpaka vitunguu jikoni vikaanza kuungua kweli.

Nilisubiri matusi. Niliyataka. Nilikuwa nimeyaandalia majibu tangu siku ya gunia: ulichagua mwenyewe, baba mdogo alikuwepo, desturi ni yenu si yangu. Yote nilikuwa nayo mdomoni.

"Siku ile ulikuwa unakata," akasema bila kugeuka, "kisu kilienda haraka kote. Ulipofika kwenye lile dogo, ukaacha kupumua. Ukaweka kidole gumba juu ya kitu, hivi, ukakifunika. Nikajua uhai uko pale."

Sikuelewa mara moja. Nilielewa pole pole.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulichukua lile kubwa?"

"Ningechukua lenye uhai ningelipeleka wapi? Mimi najua mahindi na maharage ya ngwara. Nilikuja na ndoo ya samadi ukacheka mpaka ukakaa chini." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Nikaona nikilichukua mimi nitaliua. Na lilikuwa ni la kaka yangu. Wewe sikupendi, lakini mkono unao."

"Mwaka na miezi kumi, wifi! Kila mnada unakuja unauliza langu mbona halioti, langu mbona halioti. Ulikuwa unaniuliza nini kama unajua?"

Hapo ndipo aliponiangalia.

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

Nilishika mwiko wangu nikasimama mlangoni, na nilichosikia ndani yangu hakikuwa shukrani, nisiwadanganye. Ilikuwa hasira tupu. Miezi yote ile nilijua nimemshinda, nikacheka na tenga nyuma ya nyumba, na kumbe alinipa. Alinyoosha mkono mbele ya ukoo mzima akanipa, halafu akaenda kufuta vumbi kwenye vitunguu vilivyokufa ili nisijue. Nilimchukia kuliko siku ya koti.

Akainuka. Akaniambia vitunguu vyako vinaungua, huna akili. Akapita sebuleni, hakugusa chai. Kopo la rangi akaliacha mezani. Hakuomba ua hata moja, na mimi nilikuwa nasubiri aombe ili nimnyime, au nimpe, sijui, sikupata nafasi ya kujua.

Alishatoka. Nilimwona dirishani anakanyaga tope, mgongo wa lile koti, namna linavyoning'inia begani upande wa kushoto kama lilivyokuwa linaning'inia kwa mwenyewe. Nikatoka mbio mpaka uani, miguu mitupu, mwiko mkononi, manyunyu yananipiga usoni.

"Wifi!"

Akasimama getini. Hakugeuka.

"Jicho lilikuwa moja tu!" Nilipiga kelele kama ninayemtukana, jirani akatokeza kichwa. "Lilikuwa moja, na nililificha! Nililigeuza chini usilione! Nimekudanganya kila mnada!"

Alishika bati la geti. Mvua inamchuruzika mabegani.

"Haya," akasema.

Akatoka, akalifunga geti taratibu, bila kelele.